Maji magumu nyumbani Dar es Salaam: namna ya kuyapima, kuondoa ukoko na kuokoa hita yako

Maswali ni yaleyale. Jagi la umeme limeota ukoko mweupe ndani, niendelee kulitumia? Sabuni ya kipande haitoi povu, kosa ni la sabuni au la maji? Hita ya bafuni imeungua tena na fundi anasema "ni maji", ana maana gani? Nauziwa mashine ya kulainisha maji kwa bei ya pikipiki, ninunue?

Mwongozo huu unajibu kwa mpangilio wa kazi yenyewe. Kwanza ujue maji yako ni ya namna gani, kisha usafishe kilichokwisha kuganda, halafu ndipo uzuie kisirudi. Wengi huanzia mwisho: hununua mashine kabla ya kupima, na baada ya miezi michache ukoko na malalamiko vipo palepale.

Kabla ya kuanza, tofautisha vitu viwili

Maji magumu ni maji yaliyobeba kalsiamu na magnesiamu nyingi. Maji ya chumvi ni maji yaliyobeba sodiamu na kloridi nyingi. Kisima kimoja kinaweza kuwa na vyote viwili, lakini dawa ya kimoja haitibu kingine. Kuchemsha hupunguza ugumu wa aina fulani ila hakuondoi chumvi hata chembe. Mashine ya kulainisha huondoa ugumu, ila chumvi haiiondoi.

Maji ya bomba la DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, kwa sehemu kubwa yanatoka Mto Ruvu, kupitia mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini. Maji ya mto kwa kawaida ni laini kuliko ya kisima, kwa kuwa hayakukaa muda mrefu ndani ya mwamba. Maji ya kisima ni habari nyingine. Ukanda wa pwani ya Dar una mawe ya matumbawe na chokaa, chokaa ileile inayochimbwa Wazo kutengenezea saruji. Maji yakipita humo huondoka na kalsiamu. Na kadiri kisima kinavyokaribia bahari, kuanzia Msasani kuelekea Kunduchi, ndivyo kilivyo kwenye hatari ya kuvuta maji ya bahari, hasa kikisukumwa na pampu kutwa nzima.

Ugumu hupimwa kwa miligramu za kalsiamu kaboneti kwa lita. Chini ya 60 ni maji laini, 61 hadi 120 ni wastani, 121 hadi 180 ni magumu, zaidi ya 180 ni magumu sana. Kipimo cha vifaa vya samaki wa mapambo huandika digrii za Kijerumani: zidisha kila digrii kwa 17.8 upate miligramu kwa lita.

Kuhusu afya, maana hili ndilo linalowatia watu hofu: Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo cha kiafya kwa ugumu wa maji. Kalsiamu na magnesiamu mwili unazihitaji. Meno ya kahawia yanayoonekana baadhi ya maeneo ya Arusha na Kilimanjaro yanatokana na floraidi, si ugumu. Kinachostahili hofu zaidi kwenye kisima cha mjini ni vijidudu kutoka mashimo ya vyoo vya jirani, na maji kuwa magumu au laini hakubadilishi hilo. Chemsha au tibu maji ya kunywa vyovyote iwavyo.

Mahitaji

Si lazima uwe na vyote. Kwa nyumba yenye jagi moja na bafu moja, hivi vinatosha:

- Siki nyeupe, lita 2. Isome chupa: iwe ya asilimia 4 au 5.
- Unga wa asidi ya sitriki, nusu kilo. Ni unga mweupe mkali unaouzwa kwenye maduka ya vifaa vya keki na juisi, na Kariakoo unapatikana kwa kupimiwa. Hakikisha ni wa chakula.
- Sabuni ya mche au kipande cha kufulia cha kawaida. Si ya unga, si ya maji.
- Chupa mbili angavu za nusu lita zilizo sawa, na bomba la sindano la mililita 5 lisilo na sindano, kutoka duka la dawa.
- Lita moja ya maji laini ya kulinganishia: maji ya mvua yaliyokingwa moja kwa moja, si ya mtaro. Wakati wa kiangazi tumia maji yanayodondoka kwenye bomba la kiyoyozi. Hayo ni ya kupimia tu, si ya kunywa.
- Mswaki mkuukuu, mifuko ya plastiki imara, mipira ya kufungia, glavu.
- Spana inayorekebishika, bisibisi, na tepu nyeupe ya mafundi bomba.

Usitumie asidi ya betri wala ile asidi ya madukani ya kusafishia marumaru kwenye chombo chochote cha jikoni. Na hili lishike kuliko yote: siki, ndimu au unga wa sitriki visikutane kamwe na jiki. Vikichanganyika hutoa gesi ya klorini, nayo inaunguza mapafu. Kama jana ulimwaga jiki chooni, leo suuza kwa maji mengi kabla hujatia asidi yoyote.

Sehemu ya kwanza: kujua maji yako

1. Fuatilia maji yanaingiaje. Panda ufungue kifuniko cha simtanki. Je, ni bomba la DAWASA peke yake, au na la kisima linaingia humohumo? Nyumba nyingi zilifunga kisima kama akiba ya siku za mgao, kisha mabomba yote mawili yakaishia kwenye tangi moja. Mgao wa mwishoni mwa 2022, Ruvu ilipopungua, uliongeza sana mtindo huu. Matokeo yake, maji yako ni laini wiki hii na magumu wiki ijayo, nawe unailaumu sabuni. Kama unanunua boza, muulize dereva anachota wapi. Boza la kisima ni kisima.

2. Pima kwa sabuni. Kwangua kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya mche, kiyeyushe kwenye mililita 100 za maji laini ya uvuguvugu, uache yatulie. Hicho ndicho kipimio chako.
   - Weka mililita 250 za maji laini kwenye chupa ya kwanza na mililita 250 za maji ya nyumbani kwenye ya pili.
   - Tia mililita 1 ya maji ya sabuni, funga, tikisa kwa nguvu sekunde 10, laza chupa ubavu.
   - Povu likivunjika kabla ya dakika moja, ongeza mililita 1 nyingine. Endelea mpaka povu lifunike uso wote wa maji na likae dakika nzima.
   - Andika kila chupa imemeza ngapi.

   Maji magumu utayaona kabla hata hujamaliza kuhesabu. Badala ya povu, chupa inageuka ukungu, kisha vinaanza kuelea vipande vyeupe laini mithili ya maziwa yaliyokatika. Ile ni sabuni iliyoshikwa na kalsiamu. Imekufa, haisafishi tena, na ndiyo inayobaki kwenye kola za mashati na ukutani bafuni. Sabuni ya unga na ya maji zimetengenezwa zisigande hivyo, ndiyo maana ukipimia hizo utadanganyika.

   Kipimo hiki ni cha kulinganisha. Pima tangi, kisima na bomba la DAWASA kila kimoja peke yake, utajua ugumu unaingilia wapi.

3. Chemsha, upime tena. Tokosa lita moja ya maji ya nyumbani dakika 10 kwenye sufuria safi. Acha yapoe kabisa, mimina ya juu polepole bila kutikisa unga wa chini, kisha rudia kipimo cha sabuni. Sabuni ikipungua sana, ugumu wako ni ule unaoondoka kwa moto: utakupa ukoko mwingi kwenye jagi na hita, ila kuchemsha kunausaidia. Ikibaki palepale, ugumu wako haubanduliwi na moto. Ukoko utakuwa mdogo na shida yako kubwa itakuwa kufua na kuoga.

4. Onja chumvi. Chukua maji hayo yaliyochemshwa, gusisha ulimini, tema. Ladha ya chumvi ikiwa wazi, ugumu si tatizo lako pekee, na sabuni pia hugoma kwenye chumvi nyingi. Kile kipimo cha kalamu kinachoandika TDS husoma jumla ya madini yote yaliyoyeyuka. Hakikwambii yapi ni chumvi na yapi ni chokaa. Muuzaji anayechovya kalamu hiyo, anaonyesha namba kubwa na kukuuzia mashine papo hapo, hajapima ugumu.

5. Kama kuna fedha kubwa mbele yako, nenda maabara. Kabla ya kuchimba kisima, kununua mashine au kununua nyumba yenye kisima, peleka sampuli kwenye maabara ya maji inayotambulika, kama ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Omba ugumu wa jumla, kalsiamu, magnesiamu, kloridi, chuma na TDS. Kipimo cha bakteria kina chupa yake maalumu, chukua huko maabara. Kwa madini, tumia chupa safi ya lita 1.5: acha pampu imwage dakika 10, suuza chupa mara tatu kwa maji yaleyale, jaza mpaka juu kabisa, andika tarehe na mahali. Usichukue kwenye tangi, chukua kisimani.

Sehemu ya pili: kuondoa ukoko

6. Jagi la umeme. Chomoa. Tia lita moja ya maji, kisha vijiko viwili vya chakula vya unga wa sitriki, takriban gramu 30, ukoroge uyeyuke kabla ya kuwasha. Ukiutia kwenye maji yanayochemka, povu litafurika na kukuunguza mkono. Washa, uzime maji yakianza kuvuma, kabla hayajatokota. Hapa wengi hukosea kwa kuchemsha mpaka mwisho wakidhani moto mwingi ndio dawa. Kwenye moto mkali sitriki na kalsiamu hutengeneza unga mwingine mgumu kuyeyuka, na unabaki na ukoko wa aina ya pili juu ya wa kwanza.

   Acha dakika 30. Utasikia kama soda inachemkachemka. Ikinyamaza, kazi imekwisha au asidi imekwisha. Gramu 30 huyeyusha gramu 20 hivi za ukoko. Ukibaki, mwaga, tia maji mapya na unga mpya. Kuacha asidi iliyokwisha nguvu ilale humo usiku kucha hakuongezi kitu. Maliza kwa kuchemsha maji matupu na kuyamwaga, mara mbili.

   Kwa siki: nusu siki, nusu maji, pasha yawe moto bila kutokota, saa moja, madirisha wazi. Kwa ndimu: juisi ya ndimu 8 hadi 10 iliyochujwa kwa lita moja ya maji. Inafanya kazi, ila hesabu bei yake.

   Usikwangue kwa kisu wala kwa steelwaya. Mikwaruzo ndiyo ukoko mpya unapoanzia kushika.

7. Sufuria za alumini. Asidi hula alumini. Tumia juisi ya ndimu mbili kwa lita ya maji, dakika 15, kisha suuza. Usilaze usiku kucha. Sufuria za chuma kisichoshika kutu zinavumilia kipimo cha jagi.

8. Koki na bomba la mvua (shawa). Mdomoni mwa koki nyingi kuna kichujio kidogo. Kifungue kwa mkono au kwa spana uliyoizungushia kitambaa, kiloweke kwenye siki dakika 30, piga mswaki, rudisha. Bomba la mvua la kawaida: mimina siki kwenye mfuko wa plastiki, uingize kichwa cha bomba, funga kwa mpira, acha saa moja. Kisha sugua matundu kwa mswaki na ufungue maji kwa nguvu yasukume vipande nje.

   Koki za kung'aa za nikeli na kromu zisikae kwenye siki zaidi ya saa hiyo moja. Zile zilizopakwa rangi nyeusi au ya dhahabu, futa tu kwa kitambaa chenye siki iliyozimuliwa na suuza papo hapo. Sakafu ya terazo au marumaru halisi ya jiwe usiiguse na asidi hata kidogo, itapoteza mng'ao na hautarudi. Vigae vya udongo vinavumilia, ila saruji iliyo katikati yake inalika, kwa hiyo lowesha kwanza kwa maji na usiache asidi ikakauka hapo.

9. Hita ya kuogea ya papo kwa papo. Hii ndiyo inayokufa zaidi Dar, na ndiyo ya hatari zaidi. Waya unaopasha upo ndani ya maji. Ukoko ukiufunika, joto halitoki, waya unazidiwa na kukatika. Maji yakiwa na chumvi nyingi yanapitisha umeme vizuri, na kwenye hita ambayo waya wake uko wazi umeme unaweza kukufikia kupitia maji yenyewe.

   - Zima kwenye breka, si kwenye swichi ya bafuni tu. Funga maji.
   - Fungua sahani ya chini yenye matundu, iloweke kwenye maji ya sitriki, vijiko viwili kwa lita, dakika 30. Suuza, rudisha.
   - Fungua maji kwanza, yapite dakika nzima, ndipo uwashe breka. Ukiwasha kisanduku kikiwa kikavu, waya mpya unaungua ndani ya sekunde chache. Wengi wanaosema hita ilikufa siku ileile ya kusafishwa, sababu ni hii.
   - Kubadilisha waya wenyewe ni kazi ya fundi umeme. Kama maji yako yana chumvi, mwambie akuletee hita au waya uliotengenezwa kwa ajili ya maji ya chumvi, uliofunikwa. Zipo madukani, bei iko juu kidogo.
   - Mwambie pia apime waya wa arthi na afunge breka inayokata umeme unapovuja. Nyumba isiyo na arthi isifungwe hita hii, hata kama maji ni laini.

10. Hita ya tangi. Zima, subiri saa tatu maji yapoe, funga maji yanayoingia, fungua koki ya moto iingize hewa, kisha mwaga kupitia valvu ya chini. Ukiona changarawe nyeupe zinatoka, fungua maji ya kuingia kwa vipindi vifupi yazisukume mpaka yatoke masafi. Mara moja kwa mwaka fundi atoe ile fimbo ya magnesiamu iliyo ndani. Ikiwa imebaki uzi wa chuma tu, ibadilishwe, la sivyo kutu itahamia kwenye tangi. Jaza mpaka koki ya moto itoe maji bila kukohoa hewa, ndipo uwashe. Usipandishe joto kupita nyuzi 60, maana kuanzia hapo ukoko unajengeka kwa kasi.

11. Mashine ya kufulia. Gramu 100 za sitriki kwenye pipa tupu, bila nguo wala sabuni, mzunguko wa nyuzi 60. Kila miezi mitatu inatosha. Choo: punguza maji ya bakuli, nyunyiza vijiko vinne vya sitriki kwenye alama, acha usiku, piga brashi asubuhi.

Sehemu ya tatu: kuishi na maji hayo kila siku

12. Kufua kwa mkono. Una njia mbili: utumie sabuni ya unga, au ulainishe maji kwanza. Kulainisha, tumia magadi soda ya kufulia. Si kostiki, na si baking soda, ambayo haifanyi kazi hii. Kijiko kimoja cha chai kilichojaa kwa ndoo ya lita 20 kinatosha maji yenye ugumu wa miligramu 300 hivi. Koroga, acha nusu saa, maji yataingia ukungu na unga utashuka chini. Mimina ya juu kwenye beseni, ufue. Usitumie kwa hariri na sufi, wala kwenye beseni la alumini. Suuza ya mwisho kwa nusu kikombe cha siki kwa lita 20: khanga zinarudisha rangi na mataulo yanaacha kukakamaa.

13. Kuoga na nywele. Kinachowasha mara nyingi ni ule mgando wa sabuni unaobaki kwenye ngozi. Punguza sabuni, suuza zaidi. Nywele zisuuzwe mwisho kwa maji yenye kijiko kimoja cha chakula cha siki kwa lita, au maji ya mvua.

14. Maharage na chai. Kalsiamu hukaza ganda la maharage, ndiyo maana yanamaliza mkaa na bado yanagoma. Yaloweke usiku kwenye maji yenye kijiko kimoja cha chakula cha chumvi kwa lita 4, mwaga, yapike kwa maji yaliyochemshwa na kutulizwa. Magadi huyaivisha haraka lakini hupunguza vitamini B1, kwa hiyo yakitumika yawe chembe. Chai ya rangi ikifanya utando unaong'aa juu na kuacha mviringo wa kahawia kikombeni, ni kalsiamu imekutana na majani ya chai. Matone machache ya ndimu yanaukata utando huo mbele ya macho yako.

15. Pasi ya mvuke. Iache kavu. Nyunyiza nguo kwa chupa ya kupulizia, pasi itaishi.

16. Tenganisha matangi. Kama una uwezo wa kufanya jambo moja tu kwenye sehemu hii, fanya hili. DAWASA na mvua kwenye tangi moja, liende jikoni, kwenye hita na kwenye mashine ya kufulia. Kisima kwenye tangi lake, liende chooni, bustanini na kuoshea gari. Gharama ni tangi la pili, boya lake, mabomba, na kazi ya fundi ya siku moja au mbili, na inapunguza ukoko kuliko kifaa chochote cha bei hiyo.

    Mvua ihesabu hivi: mita za mraba za bati, mara milimita za mvua, mara 0.8. Bati la mita za mraba 60 kwenye mvua ya milimita 50 linakupa lita 2,400. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, simtanki la lita 2,000 linajaa na kumwagika. Achia lita 60 za kwanza ziende chini na vumbi na kinyesi cha kunguru.

17. Mashine ya kulainisha, ukishapima tu. Piga hesabu kabla ya kumpigia muuzaji simu. Watu 5 kwa lita 80 ni lita 400 kwa siku. Ugumu wa 300 ni gramu 120 za kuondolewa kila siku. Lita moja ya resini, yaani zile punje za ndani ya mashine zinazokamata ugumu, hubeba takriban gramu 50 kabla ya kuchoka, kwa hiyo mashine ya lita 25 za resini inafanya kazi siku 10 hivi, kisha inahitaji kuoshwa kwa kilo 3 za chumvi safi isiyo na madini joto. Muuzaji asiyeweza kukutajia lita za resini, usimlipe. Maji yanayotoka yana sodiamu zaidi, basi acha koki moja ya jikoni isiyopitia mashine, hasa kama kuna mgonjwa wa presha.

    Kisima chenye chumvi kinahitaji mashine ya kuchuja kwa msukumo mkubwa, na hiyo hutupa sehemu kubwa ya maji kama maji taka. Kwa nyumba ya kawaida, ifungwe kwa maji ya kunywa tu. Sumaku zinazofungwa kwenye bomba hatuzipendekezi; ushahidi wake ni dhaifu, na fedha hiyo inanunua sitriki ya miaka.

Ikigoma

*Ukoko ni wa kahawia au mwekundu.* Kuna chuma ndani yake. Sitriki inauondoa vizuri kuliko siki. Kama ni kisima, pima chuma. Mashine ya kulainisha itazibwa na chuma hicho mapema kama haijatanguliwa na kichujio.

*Asidi haichemkichemki na ukoko hautoki.* Si chokaa ya kawaida, na kuongeza asidi hakutasaidia. Badilisha kifaa kama ni kidogo, au jaribu kubandua kwa kijiti cha mbao.

*Nimesafisha koki, presha imeshuka zaidi.* Kipande kimebanduka na kukwama mbele. Fungua kichujio tena, na kile cha kwenye valvu ya hita.

*Vipande vyeupe vinaelea kwenye maji ya kunywa yaliyochemshwa.* Havina madhara. Acha yatulie, chuja kwa kitambaa safi.

*Mashine ya kulainisha ipo, sabuni bado haitoi povu.* Angalia kwanza kama valvu ya njia ya pembeni, ile inayopitisha maji bila kupita kwenye mashine, imeachwa wazi. Kisha fungua pipa la chumvi uchokonoe kwa mti: unyevu wa Dar hugandisha chumvi ikawa daraja juu, na chini hakuna kinachoyeyuka.

*Naishi kwa maji ya DAWASA tu na ukoko umeanza ghafla.* Rudi hatua ya kwanza. Katika nyumba za kupanga zenye tangi la pamoja, muulize mwenye nyumba kama siku za mgao anawasha kisima au anaita boza.

*Bomba la mvua linapiga shoti, hata kidogo.* Zima breka ya hita na usiiwashe tena mpaka fundi umeme apime arthi na waya wa hita. Usijaribu kuthibitisha kwa kugusa mara ya pili, na kuvaa kandambili hakukukingi. Wazuie watoto wasiingie bafuni mpaka kazi ikamilike. Waoge kwa ndoo.